Shule ya kutwa ya viziwi

Shule ya kutwa ni ile ambayo mwanafunzi huenda asubuhi na kurudi kulala kwao. Jina hilo linatokana na kutwa kwa jua, kama isemwavyo mchana kutwa, na kinyume chake ni shule ya bweni. Ikiwa ya umma, gharama zake hulipwa kwa kodi. Kwa watoto viziwi, kutwa na umma vilichelewa kukutana.

Shule ya kwanza ya kudumu ya viziwi nchini Marekani, iliyofunguliwa Hartford mwaka 1817, ilikuwa ya bweni. Viziwi walikuwa wachache na wametawanyika, hivyo ilibidi wakusanywe. Watoto wa Boston walipelekwa huko, kilomita 160 hivi kutoka kwao. Ni katika shule hiyo, darasani na bwenini, lugha ya alama ya Marekani ilipokomaa.

Boston ilifungua shule yake ya kutwa tarehe 10 Novemba 1869, chini ya mwalimu mkuu Sarah Fuller. Mwaka 1877 ikapewa jina la Horace Mann, mwanaelimu aliyesifu mafunzo ya matamshi aliyoyaona Ujerumani, na kweli katika shule hiyo ya Boston watoto walifundishwa kutamka na kusoma midomo. Mwaka 1871 Alexander Graham Bell alikuja kuwafundisha walimu mwandiko uliobuniwa na baba yake. Konsonanti ilichorwa mfano wa kiatu cha farasi, na mwelekeo wake ulionyesha sehemu ya kinywa inayofanya kazi. Mtoto aliiga mkao wa ulimi kwa sauti asiyoisikia. Ilikuwa kazi ngumu mno kwa mtoto mdogo.

London nayo ilianza madarasa ya kutwa mwaka 1874. Jimbo la Wisconsin, Marekani, lilipitisha sheria mwaka 1885 ya kuisaidia miji yenye shule kama hizo hadi dola 100 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi, na Bell alikwenda kuitetea.

Hoja ya watetezi wa shule za kutwa, kwamba mtoto akue na wazazi wake, ilikuwa ya haki. Lakini Bell alitaka pia kuwatenganisha viziwi, wasije wakaoana, na kuondoa alama darasani. Mtoto ambaye wazazi wake hawakujua alama alirudi jioni kwenye mazungumzo asiyoyaelewa. Hata hivyo, istilahi ya shule ya kutwa isichanganywe na mbinu ya matamshi: kutwa hutaja mahali anapolala mwanafunzi tu, na shule ya kutwa yaweza kufundisha kwa lugha ya alama.