Robo saa iliyorukwa Nairobi

Kati ya saa sita mchana ya tarehe 31 Julai 1942 na saa sita mchana ya kesho yake, Nairobi zilipita saa 23 na dakika 45 tu. Usiku ule saa zilisogezwa mbele kwa robo saa, zikatoka kwenye tofauti ya saa 2 na dakika 45 na Greenwich, zikafika saa 3 kamili, na hapo ndipo zilipo hadi leo. Zilikwisha kuhamishwa mwaka 1928, tena 1930, tena mwisho wa 1936. Mabadiliko hayo yamo katika orodha ya kanda za saa iliyoanzishwa na Arthur David Olson miaka ya 1980, na hifadhidata ya PostgreSQL iliyowekwa saa za Nairobi ikiulizwa tofauti ya adhuhuri hizo mbili, hujibu 23:45:00.

Ndiyo maana nashikilia kwamba muda hautoshi kuandikwa kwa namba moja. Kiwango cha SQL cha mwaka 1992 kilitenga miaka na miezi upande mmoja, siku hadi sekunde upande wa pili, kwa kuwa miezi hailingani. PostgreSQL huweka miezi, siku na maikrosekunde katika visanduku vitatu. Iongezee adhuhuri ile ya Julai siku 1, utapata adhuhuri ya Agosti mosi; iongezee saa 24, utapata saa sita na robo. Yote mawili ni sahihi: la kwanza ni la mwenye miadi, la pili ni la anayepima mashine iliyokesha ikizunguka.

Wapo wanaoona huku ni kujitafutia taabu: Unix huhesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, basi toa namba kwa namba, kazi imekwisha. Kwa mashine, sawa. Lakini kodi ya nyumba hailipwi kwa sekunde. Kutoka Februari mosi hadi Machi mosi 2023 ni siku 28, na kwa mpangaji ni mwezi mmoja. Hoja yao nzito ni nyingine: PostgreSQL ikilinganisha vipindi, huhesabu kila mwezi kuwa siku 30, hivyo mwezi 1 na siku 30 huwa sawa. Hiyo ni kasoro ya kweli. Ila hata ikilinganisha hivyo, kilichoandikwa hubaki kama kilivyo. Ukiandika sekunde 2,592,000, msomaji wa baadaye hana njia ya kujua kama zilikuwa mwezi wa kodi au siku 30 za dhamana.