Sheria Iliishia Getini, Vumbi Likapita

[Muziki wa kipindi, kisha unapungua]



Leo tunazungumza juu ya paa. Si bati jembamba linalopiga kelele mvua ikinyesha, wala si turubai. Ni lile bamba la kijivu, nene, lenye mawimbi, zito kama jiwe, ambalo bado liko juu ya maghala, madarasa na maduka ya zamani katika miji mingi ya kanda yetu. Mara nyingi bamba la namna hiyo lina asbesto. Huenda umekodi chumba chini ya paa hilo ukafungua kinyozi au cherehani. Au kuna mtu anabomoa jengo, naye amekuambia ukachukue mabamba bure ujengee kibanda chako sokoni. Kabla hujaondoka na mkokoteni, keti kidogo nikusimulie.

Asbesto ni jiwe la ajabu. Ukiliponda linachambuka nyuzi, mfano wa katani. Nyuzi hizo haziungui wala haziozi, na jina lenyewe ni la Kigiriki, maana yake kisichozimika. Wakati wa injini za mvuke, viwanda vya Ulaya vilizitaka kwa kufungia mabomba ya moto. Mwanzoni mwa karne ya 20, Ludwig Hatschek wa Austria akagundua namna ya kuzichanganya na saruji na kutoa mabamba ya kuezekea. Halishiki kutu, mchwa hawaligusi, bei yake nafuu. Nani angelikataa?

Mji wa Rochdale, Uingereza, ulikuwa na kiwanda cha Turner Brothers, na humo alifanya kazi mwanamke aitwaye Nellie Kershaw. Alikuwa akisokota nyuzi za asbesto kama wengine wanavyosokota pamba. Kifua kikambana, pumzi ikawa fupi, akashindwa kazi. Aliomba fidia. Kampuni ikakataa, maana ukimlipa mmoja umekiri kwamba vumbi lina madhara, na wengine watafuata. Alifariki Machi 1924, akiwa na miaka 33. Hata gharama za mazishi kampuni haikutoa.

Daktari William Cooke aliyachunguza mapafu yake akakuta yamejaa makovu, na ndani ya makovu kuna chembe kali za madini. Mwaka 1927 akaupa ugonjwa huo jina, asbestosisi. Ukweli ni kwamba onyo lilikwisha kutolewa. Mwaka 1898 mkaguzi wa viwanda, Lucy Deane, alikuwa ameandika kwamba chembe za vumbi hilo zina ncha kali kama vioo. Ripoti yake ikawekwa kabatini.

Mwaka 1931 Uingereza ikatunga kanuni: viwanda vya asbesto vifyonze vumbi kwa mashine, na wafanyakazi wapimwe. Hapa ndipo naomba unisikilize vizuri. Kanuni zile zilimhusu anayetengeneza asbesto kiwandani. Fundi aliyelinunua bamba dukani akalikata kwa msumeno, akalitoboa apitishe waya, akafagia vumbi jioni, hakuhusika. Sheria iliishia getini. Vumbi lilitoka na bidhaa, likaenda kukaa kwenye karakana na vibanda. Leo hii, miongoni mwa Waingereza wanaokufa kwa ajili ya asbesto, wengi ni maseremala, mafundi bomba, mafundi umeme na wajenzi.

Bara letu halikusalimika. Katika Rasi ya Kaskazini, Afrika Kusini, kulichimbwa asbesto ya bluu, na wanawake na watoto waliketi wakigonga mawe kwa nyundo ili nyuzi zitoke. Mwaka 1960 daktari Wagner na wenzake walieleza habari za wagonjwa 33 wa mesothelioma, saratani ya utando unaozunguka mapafu. Baadhi yao hawakuwahi kuajiriwa mgodini. Walikuwa wameishi jirani tu, au walicheza utotoni juu ya vichuguu vya mabaki. Mwaka 2003 kampuni ya Cape ya Uingereza ikakubali kuwalipa wadai wapatao 7,500. Wengine walikuwa wamekwisha kufa wakisubiri.

Mbona walikawia hivyo kudai? Kwa sababu ugonjwa wenyewe hukawia. Unavuta vumbi ukiwa kijana, unakohoa miaka 20, 30 au 40 baadaye. Huumwi leo, kwa hiyo unadhani umepona.

[Muziki mfupi]

Mwaka 2004 ndipo Uingereza ilipoanza kumtaka mwenye duka, ofisi au karakana ajue asbesto iko wapi katika jengo lake na aichunge. Hesabu mwenyewe: kutoka 1931 ni miaka 73. Kanda yetu nayo imeamka. Nchini Kenya, kanuni za taka za mwaka 2006 ziliihesabu asbesto kuwa taka hatari.

Sasa turudi kwenye chumba chako. Usiogope kwa kuliona paa tu. Bamba zima, lisilochakaa, lisiloguswa, limezifunga nyuzi ndani ya saruji. Hatari ni vumbi, na vumbi linaletwa na mkono. Basi usilitoboe ili kuning'iniza taa. Funga waya kwenye nguzo ya mbao. Usilisugue kwa brashi ya waya ili ling'ae, usilikate, wala usipande juu yake, maana ni gumu lakini huvunjika ghafla, na watu wameanguka. Vipande vyake visiwe kuta za jiko: vikipata moto hupasuka kwa kishindo.

Limevunjika? Watoe watoto na wateja. Usifagie pakavu. Lowanisha vipande kwa maji bila kuvivunja zaidi, vifunge ndani ya plastiki nzito mara mbili, futa sakafu kwa kitambaa kibichi, na kitambaa nacho kiingie humo humo. Barakoa ya kitambaa haizuii nyuzi hizi. Nguo ulizovaa usimpe mama watoto akung'ute; wake wa mafundi wameugua kwa njia hiyo hiyo. Kisha mwambie mwenye jengo na kiongozi wa bloku, ili taarifa ifike kwa mamlaka ya mazingira: NEMA kwa walioko Kenya na Uganda, na mamlaka kama hiyo kwa walioko Tanzania. Kung'oa paa zima ni kazi ya wenye kibali. Mpangaji asijibebeshe mzigo huo, hata akipunguziwa kodi ya mwezi.

Na yale mabamba ya bure? Huwezi kuyatambua kwa macho kama yana asbesto au hayana, na aliyekuita pengine naye hajui. Mweleze haya uliyoyasikia, umwombe asiyavunje. Mkokoteni urudi mtupu.

[Muziki wa kufunga]