Umri wa Daktari katika Doctor Who

Daktari ni mhusika mkuu wa tamthilia ya televisheni Doctor Who, iliyoanza kurushwa na BBC tarehe 23 Novemba 1963. Asili yake si Dunia. Akifikwa na kifo, mwili wake hujigeuza ukawa mpya, wenye sura na tabia nyingine, ndiyo maana ameigizwa na watu wengi. Umri wake umetajwa mara nyingi, na hesabu hazipatani.

Mwaka 1967, katika kisa cha The Tomb of the Cybermen, Daktari wa pili (Patrick Troughton) anamwambia binti aitwaye Victoria kwamba, kwa miaka ya Dunia, ana kama 450. Sharti hilo la miaka ya Dunia lina uzito, kwani waliomfuata hawakulizingatia kila mara. Jon Pertwee alizungumzia maelfu ya miaka. Tom Baker akateremka hadi 750 hivi. Katika The Ribos Operation (1978) Baker anadai ana 756, na Romana, msaidizi wake mpya, anamsahihisha papo hapo: ni 759. Mtafiti anapaswa kukumbuka kisa hicho kila Daktari anapojitajia umri.

Ushahidi wa Time and the Rani (1987) una nguvu zaidi, kwa sababu hautegemei maneno matupu. Sylvester McCoy amesimama mbele ya mlango wenye kufuli ya tarakimu. Anaweka 953, umri wake na wa hasimu wake Rani, na mlango unafunguka.

Tamthilia iliporejea mwaka 2005, Christopher Eccleston akasema ana miaka 900. Mtu hawezi kuishi akipungua umri. Wapo wanaosema alibadili aina ya mwaka anaohesabia, wengine kwamba aliacha kuhesabu wakati wa vita vikubwa vya hadithi hiyo, viitwavyo Vita vya Wakati, akaanza upya. Maelezo ya pili yana mashiko zaidi, ingawa nje ya hadithi huenda sababu ni nyepesi: waandishi wapya walitaka tu namba rahisi kukumbuka.

Kuanzia hapo hesabu inafuatika. David Tennant ana 903 mwaka 2007. Katika The Impossible Astronaut (2011) Matt Smith anaonekana mara mbili: mmoja anasema ana 1103 na anaonekana kuuawa ufukweni mwa ziwa huko Utah, Marekani; mwingine, ambaye ni yeye mwenyewe wa wakati wa nyuma, anaingia baadaye akiwa na 909. Miaka karibu 200 imepita bila watazamaji kuonyeshwa. Kisha, akiwa na zaidi ya 1200, anakaa kuulinda mji mmoja wa sayari ya Trenzalore kwa karne kadhaa, hadi anazeeka. Ndiyo sababu Peter Capaldi, mwaka 2014, anasema ameishi zaidi ya miaka 2000.

Katika Heaven Sent (2015) anafungwa katika ngome kwa zaidi ya miaka bilioni nne. Wengine huijumlisha yote, lakini wanakosea: kila mara alikufa baada ya muda mfupi na nakala yake mpya ikaanza upya, bila kumbukumbu ya waliotangulia. Mwili haukuzeeka hivyo.

Pigo kubwa lilikuja mwaka 2020, The Timeless Children ilipofichua kwamba Daktari aliwahi kuishi maisha mengine mengi kabla ya yale anayoyakumbuka, na idadi yake haikutajwa. Kwa hiyo 2000 ni kiwango cha chini tu. Cha juu hakipo.