Chombo Kinachongoja: Historia Fupi ya Kupima Uzimaji wa Vinu vya Nyuklia

Tarehe 25 Februari 1983, katika kituo cha umeme wa nyuklia cha Salem, jimbo la New Jersey, Marekani, mitambo ya ulinzi ilitoa amri ya kuzima kinu namba 1, na kinu hakikuzimika. Maji katika vyombo vya kutengeneza mvuke yalikuwa yamepungua mno. Mitambo ililiona jambo hilo, ikatuma ishara kama ilivyoundwa kufanya. Lakini swichi mbili kuu za kukatia umeme, ambazo mojawapo peke yake ingetosha, zilibaki zimeshikana na umeme ukaendelea kupita. Baada ya nusu dakika hivi mhudumu alikizima kinu kwa mkono. Kilikuwa kimeanza tu kuwashwa, kikifanya kazi kwa 12 kwa mia hivi ya nguvu zake, wala hakuna aliyedhurika.

Tumechagua tukio hilo, ambalo halikuua mtu, kwa sababu linaonyesha shida ya kila chombo cha usalama: ni chombo kinachongoja. Pampu ya maji ikifa, majirani hulalamika siku hiyohiyo. Lakini kitu ambacho kazi yake ni kukaa tayari chaweza kufa leo, na mwaka mzima ukapita pasipo mtu kujua. Uzima wake haujulikani ila kwa kukijaribu, na historia tunayoisimulia hapa ni ya watu waliokuwa wakijifunza, polepole na kwa hasara, namna ya kujaribu.

Kwanza tueleze kazi yenyewe. Ndani ya kinu, atomi za urani hupasuka na kutoa chembe ziitwazo nutroni, nazo hupasua atomi nyingine. Ili kuzuia mfululizo huo huingizwa fimbo za madini yanayomeza nutroni. Katika vinu vya aina ya Salem, fimbo hizo huning'inia juu zikishikwa kwa nguvu ya sumaku ya umeme. Umeme ukikatwa, zinaanguka kwa uzito wake zenyewe, na katika sekunde chache mpasuko unakoma. Basi kuzima kinu ni kukata umeme, na kazi hiyo ilikabidhiwa swichi zile mbili.

Mambo hayo yalianza na kinu cha kwanza kabisa. Tarehe 2 Desemba 1942, mjini Chicago, chini ya majukwaa ya uwanja wa michezo wa Stagg Field, Enrico Fermi na wenzake walikuwa wamerundika matofali ya grafiti pamoja na urani. Fimbo moja ya usalama ilifungwa kwa kamba, na Norman Hilberry akasimama kando na shoka, tayari kuikata kamba hiyo. Vijana watatu walikaa juu ya rundo na maji yenye kadimiamu, ili wayamwage mambo yakiharibika. Fimbo nyingine ilitakiwa kuanguka yenyewe, na kabla ya adhuhuri ilianguka kwa kishindo, kwa kuwa kiwango chake kiliwekwa chini mno. Fermi akawaambia wenzake waende kula. Twaweza kuliita hilo jaribio la kwanza la uzimaji wa dharura, ingawa hakuna aliyelipanga.

Sehemu kubwa ya urani ambayo Wamarekani waliitumia katika kazi zao za nyuklia wakati wa vita ile ilitoka Shinkolobwe, kwetu Katanga. Nchi yetu ilipata pia kinu chake, cha kwanza katika Afrika nzima, mwaka 1959, katika Chuo Kikuu cha Lovanium huko Kinshasa, kwa juhudi za rekta wake, Mgr Luc Gillon, aliyekuwa padri na mwanafizikia. Kilikuwa kidogo, cha utafiti na mafunzo. Waliokibuni huko Marekani hawakupenda kutegemea fimbo peke yake. Kuni zake, tukiruhusiwa kuziita hivyo, ni urani iliyochanganywa na zirkoni na hidrojeni, na joto likipanda ghafla, mchanganyiko huo wenyewe hupunguza mpasuko. Vinu vikubwa vya kutoa umeme, vilivyojengwa kwa wingi miaka iliyofuata, vilibaki vikitegemea sana fimbo na vifaa vya kuziangusha.

Ndipo wataalamu walipoanza kuhesabu. Tuseme kifaa hujaribiwa mara moja kila mwezi, na leo kimekutwa kimekufa. Kilikufa lini? Pengine jana, pengine siku moja baada ya jaribio lililopita. Kwa wastani huhesabiwa kwamba kilikaa nusu ya muda huo kikiwa kimekufa, huku kila mtu akikitegemea. Kwa hiyo, kadiri majaribio yanavyokaribiana, ndivyo giza hilo linavyopungua. Tena, kama kifaa kimoja hukosea mara 1 katika 1,000, viwili vitakosea pamoja mara 1 katika 1,000,000. Hesabu hiyo ni safi, na kwayo wengi walisadiki kwamba kinu kukataa kuzimika ni jambo lisilostahili kuwazwa.

Mwaka 1969, E. P. Epler, mtaalamu wa maabara ya Oak Ridge, alionya kwamba kuzidisha namba namna hiyo ni halali ikiwa tu vifaa viwili havishiriki udhaifu mmoja. Vikitoka kiwanda kimoja, vikitunzwa na fundi mmoja, vikashika vumbi moja, vyaweza kukataa siku moja. Mabishano kati ya wakaguzi wa serikali na makampuni yaliendelea zaidi ya miaka kumi.

Wakati mabishano hayajaisha, tarehe 28 Juni 1980, katika kinu namba 3 cha Browns Ferry, jimbo la Alabama, wahudumu walitaka kuzima kinu kwa kazi ya kawaida. Fimbo 76 kati ya 185 hazikuingia hadi mwisho. Katika kinu cha aina hiyo fimbo husukumwa kwa maji kutoka chini, na maji yaliyotumika huenda kwenye mabomba yanayopaswa kuwa matupu. Mabomba ya upande mmoja yalikuwa yamejaa, lakini vipimo viliwekwa kwenye tangi la mwisho, si kwenye mabomba yenyewe, basi havikusema neno. Ilibidi kurudia amri mara kadhaa, kwa karibu robo saa, hadi fimbo zote zikaingia.

Turudi Salem, maana huko kosa lilikuwa la ndani zaidi. Kila swichi ilikuwa na njia mbili za kufunguliwa. Ya kwanza ni kifaa kidogo kinachoachia springi umeme wake unapokatika, na hicho ndicho pekee kilichotumiwa na ishara ya mitambo. Ya pili ni koili inayosukuma swichi inapopewa umeme. Kitufe cha mkono kiliziamsha zote mbili kwa pamoja. Sasa, mtu akibonyeza kitufe na swichi ikafunguka, ni njia ipi iliyofanya kazi? Sisi tuliosomea ualimu twaifahamu hali hii. Wanafunzi wawili wa dawati moja wakileta karatasi moja yenye majibu sahihi, mwalimu hajui ni nani aliyejua na ni nani aliyenakili. Pale Salem kifaa cha springi kilikuwa kimechakaa na kukwama, hakikupata utunzaji wala ulainishaji uliofaa, ingawa maelekezo ya mtengenezaji yalikuwa yametolewa tangu mwaka 1974.

La kusikitisha zaidi lilionekana katika uchunguzi. Siku tatu nyuma, tarehe 22 Februari, swichi zilezile zilikuwa zimekataa ishara ileile. Mhudumu alikuwa amezima kinu kwa mkono karibu wakati uleule, kila mmoja akadhani mitambo ilitimiza wajibu wake, na kinu kikawashwa tena. Karatasi ya kompyuta ilikuwa imeandika mpangilio wa mambo yote. Ushahidi ulikuwepo mezani, umechapwa, na msomaji wa kuuelewa hakupatikana.

Mwezi uliofuata, huko San Onofre, California, vifaa vya namna hiyo vilikwama vilipojaribiwa. Tume ya serikali ya Marekani iliagiza kila njia ya kufungua swichi ijaribiwe peke yake, na koili ya pili iamshwe pia na ishara ya mitambo. Mwaka 1984 ikatoa kanuni iliyodai vifaa vya ziada kwa ajili ya siku ambayo kinu kitakataa kuzimika. Yale mabishano ya tangu siku za Epler yakafungwa hivyo.

Mwishoni mwa mwaka uleule wa 1983, mbali na Marekani, kinu kipya cha Ignalina huko Lituania, iliyokuwa ndani ya Muungano wa Kisovieti, kilikuwa kikijaribiwa kabla ya kuanza kazi. Wapimaji waligundua kwamba fimbo zote zikishuka pamoja kutoka juu kabisa, ncha zake za grafiti huongeza mpasuko kwa sekunde za kwanza kabla ya kuupunguza. Mtihani uliulizwa vizuri, na jibu likapatikana. Barua ikapelekwa kwenye vituo vyenye vinu vya aina hiyo, ikisema marekebisho yatafanywa. Fimbo hazikubadilishwa, wala wahudumu wa zamu hawakuelezwa hatari iliyokuwamo.

Usiku wa tarehe 26 Aprili 1986, saa saba na dakika 23, wahudumu wa kinu namba 4 cha Chernobyl walibonyeza kitufe cha kuzima. Fimbo zilihitaji sekunde 18 hivi kufika chini. Katika sekunde za mwanzo nguvu za kinu zilipanda badala ya kushuka, na kinu kikapasuka. Baada ya hapo fimbo za vinu vya aina hiyo zilibadilishwa, na kukaongezwa nyingine zinazoingia kwa sekunde mbili na nusu. Ignalina, mahali kasoro ilipogunduliwa kwanza, kinu chake cha mwisho kilizimwa tarehe 31 Desemba 2009.