Mpishi, Mchuzi na Kibali cha Kazi

Tarehe 22 Julai mwaka 2025 Serikali ya Uingereza ilibadilisha kanuni zake za kuwaruhusu wageni kuingia nchini humo kufanya kazi. Tangu siku hiyo, tajiri anayetaka kumwita mfanyakazi kutoka ng'ambo kwa kibali cha ujuzi sharti awe na kazi ya kiwango cha shahada ya chuo kikuu, isipokuwa kazi chache zilizotajwa kwenye orodha maalumu. Mpishi hayumo katika orodha hiyo. Kwetu habari hii ilipita kama upepo, kwani tulikuwa na mengi ya kwetu ya kuzungumza. Mimi nimeishikilia, ndugu msikilizaji, kwa sababu historia ya mpishi huyo na kibali chake imepita katika mji wa Nairobi na mji wa Kampala, tena haikupita pembeni.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1810 mtu mmoja mzaliwa wa Patna, India, jina lake Sake Dean Mahomed, alifungua mkahawa katika mtaa wa George Street mjini London. Aliwauzia mabwana waliokuwa wamerudi kutoka India vyakula walivyovizoea huko, na akawawekea na buruma za kuvutia tumbaku. Biashara haikudumu. Mwaka 1812 alifilisika, akahamia Brighton na kupata jina kwa kuwakanda na kuwaogesha watu. Baada yake ulipita muda mrefu kabla ya mwaka 1926, Edward Palmer alipofungua Veeraswamy katika Regent Street, mkahawa ambao kwa miaka mingi ulikuwa wa wakubwa na wenye fedha.

Lakini mchuzi uliokuja kuenea katika kila mji wa Uingereza haukutoka kwa Palmer wala kwa Dean Mahomed. Ulitoka melini. Meli za Waingereza zilikuwa zikiajiri mabaharia wa Kihindi walioitwa laskari, neno ambalo wataalamu wa lugha husema ni ndugu wa neno letu askari. Aliyewakusanya na kuwasimamia ni serahangi, na hilo nalo wazee wa Pwani wanalijua bila kufasiriwa. Wengi wa laskari waliotumwa chini kwenye mitambo, kwenye joto la makaa, walitoka wilaya moja tu, Sylhet, ambayo leo imo katika nchi ya Bangladesh. Kazi ilikuwa ya mateso na mshahara ulikuwa mdogo kuliko wa baharia Mzungu aliyefanya kazi ile ile. Basi meli ilipofunga gati London, baadhi yao walishuka na hawakurudi.

Mtu aliyetoroka meli angekwenda wapi? Alikwenda Aldgate na Spitalfields, mashariki ya London, alikowakuta wenzake. Na kazi iliyopatikana upesi kwa mtu asiyejua Kiingereza ilikuwa kuosha vyombo na kumenya vitunguu katika majiko ya mikahawa. Huko ndiko walikojifunza biashara. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, yalikuwako majengo mengi ya bei nafuu katika miji iliyopigwa mabomu, na Wasylhet wakaanza kununua vibanda vya chai na maduka ya samaki na viazi vya kukaanga. Waliendelea kuuza samaki na viazi, ila pembeni wakaweka sufuria ya mchuzi na wali. Wakawa hawafungi mapema. Baa zilipofungwa usiku, Mwingereza mwenye njaa alikuta taa inawaka kwa Mbengali. Akaingia, akaonja, na kesho yake akaja na rafiki.

Wengi wetu tunasema mikahawa ya Kihindi, na hata vibao vya mikahawa yenyewe vinasema hivyo. Ukweli ni kwamba sehemu iliyo kubwa sana, watu husema minane katika kila kumi, ilikuja kuwa mali ya watu wa Bangladesh, na wengi wao ni wa wilaya hiyo moja ya Sylhet. Sababu yake ni karatasi. Sheria ya uraia ya mwaka 1948 ilimpa kila raia wa Jumuiya ya Madola haki ya kuingia Uingereza. Mwaka 1962 haki hiyo ilikatwa. Tangu tarehe 1 Julai mwaka huo, aliyetaka kuja kufanya kazi alihitaji hati, na hati iliyokuwa rahisi kuombewa ni ile ambayo tajiri aliyeko Uingereza alisema: nafasi ninayo, na mtu nimtakaye ni huyu. Mwenye mkahawa angemtaja nani kama si mpwa wake, au kijana wa kijiji chake? Hivyo sheria iliyotungwa kuwazuia watu ikawa ndiyo iliyovijaza vijiji vya Sylhet ndani ya majiko ya Birmingham na Manchester.

Sasa tuje nyumbani. Kenya ilipopata Uhuru mwaka 1963, Waasia waliokuwako walipewa miaka miwili ya kuamua kama watakuwa raia wa Kenya. Hesabu ya watu ya mwaka 1962 iliwakuta zaidi ya 176,000. Baadhi yao walijiandikisha, lakini wengi walibaki na pasipoti zao za Uingereza mkononi. Mwaka 1967 Bunge la Kenya lilipitisha Sheria ya Uhamiaji, na pamoja nayo sheria ya leseni za biashara. Tangu Desemba mwaka huo asiye raia alipaswa kuwa na kibali ili afanye kazi, na kibali hicho kilikuwa cha muda, cha kutolewa pale tu ambapo hapakupatikana mwananchi wa kuifanya kazi hiyo. Karani, fundi wa magari, mpishi wa hoteli ya Kihindi ya River Road, wote waliingia katika mstari mmoja.

Wakaanza kufunga virago na kwenda katika nchi ya pasipoti yao. Na Uingereza ikafanya nini? Waziri wa Mambo ya Ndani, James Callaghan, alipeleka Bungeni mswada uliopita katika siku tatu. Ukawa sheria tarehe 1 Machi 1968. Ilisema kwamba pasipoti ya Uingereza peke yake haitoshi, mpaka mwenye nayo awe na mzazi au babu mwenye asili ya Uingereza. Kwa watu wa rangi wenye pasipoti hizo zilitengwa hati 1,500 kwa mwaka, kila moja kwa kichwa cha familia. Mwaka 1973 Tume ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliona kwamba sheria hiyo ilikuwa ya ubaguzi wa rangi. Mimi sioni neno jingine la kuiita. Lakini nasi tusijitoe haraka mno katika hadithi hii, kwani mlango uliogongwa kwanza usoni mwa watu hao ulikuwa wetu.

Uganda ilifuata, na kwa ukali zaidi. Agosti 1972 Idi Amin alitoa siku 90. Watu wapatao 28,000 wakaingia Uingereza. Baraza la mji wa Leicester lilifikia hata kuweka tangazo katika gazeti la Uganda Argus likiwasihi wasiende huko. Walikwenda.

Watu hao hawakuwa wapishi wengi, bali wenye maduka na makarani. Ila walibeba ladha. Familia moja kutoka Nairobi ilifungua mkahawa wa Brilliant huko Southall mwaka 1975, na si wao peke yao. Nilikwenda London kwa mafunzo ya utangazaji mwaka 2013, na jioni moja ya baridi nikaingia mkahawa mmoja wa Southall. Kwenye orodha ya vyakula niliona neno mogo. Nilidhani ni kitu cha Gujarat, kumbe ni muhogo wetu, umekaangwa na kutiwa pilipili na ndimu kama pale Lighthouse, Mombasa. Mzee aliyekuwa nyuma ya meza ya fedha alinisikia nikicheka. "Wewe natoka Kenya, bwana?" akaniuliza kwa Kiswahili cha madukani. Nikamjibu ndiyo, mzee. Akaketi nami. Hakuuliza habari za siasa. Aliuliza kama maembe ya Malindi bado yanakuja Nairobi mwezi wa Desemba, kisha akanieleza kwamba mpishi wake wa tanuri amezeeka na wa kumrithi hapati, kwa kuwa wanawe wawili ni wahasibu na Serikali haimpi kibali cha kumwita mtu kutoka India.

Malalamiko ya mzee yule yalikuwa malalamiko ya biashara nzima. Sheria ya mwaka 1971, iliyoanza kutumika Januari 1973, ilimfanya mtu wa Jumuiya ya Madola awe mgeni kama mgeni mwingine. Hapo kibali cha kazi kikawa mali ya tajiri, chenye jina la mtu mmoja na kazi moja. Kwa muda pengo lilizibwa na wake na watoto waliofika miaka ya 1970 na 1980. Lakini watoto wale walisoma. Kijana aliyemwona baba yake akirudi saa nane za usiku akinuka vitunguu kwa miaka 30, sita za wiki hana mapumziko, hawezi kuambiwa kwamba jiko ni urithi. Wazazi wenyewe hawakutaka awe huko.

Mwaka 2001 Robin Cook, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, alikisifu kuku wa tikka masala kuwa chakula cha taifa la Uingereza. Chakula kilikuwa kimepata uraia. Mpishi bado alikuwa foleni. Mwaka 2003 Serikali ilifungua mpango wa kuleta wafanyakazi wa muda katika mikahawa na hoteli, ukatumiwa mno na watu wa Bangladesh, na mwaka 2005 sehemu hiyo ikafungwa. Aprili 2008 maelfu ya wenye mikahawa na wafanyakazi wao walikusanyika Trafalgar Square wakipinga kanuni mpya za kuhesabu pointi. Kanuni zikaja vivyo hivyo. Kufikia mwaka 2016 mpishi wa kutoka nje alipaswa kulipwa pauni 29,570 kwa mwaka, bila kuhesabu malazi na chakula, na hakuruhusiwa kufanya kazi katika mkahawa unaouza chakula cha kubeba. Nani aliyetunga sharti hilo alipata kuingia katika mkahawa wa mchuzi siku ya Ijumaa usiku? Nusu ya wateja wamesimama mlangoni wakingoja mifuko. Sharti hilo liliondolewa Oktoba 2019, miaka mingi baada ya majiko mengi kuzimwa.

Mwaka 2016 ndio ulioniacha na maswali. Waingereza walipokuwa wakijiandaa kupiga kura juu ya Umoja wa Ulaya, Priti Patel, waziri ambaye wazazi wake walitoka Uganda, aliwaambia wenye mikahawa kwamba nchi ikijitoa, wapishi wa Asia Kusini watapata nafasi sawa na Wazungu wa Ulaya. Baadhi yao walimsadiki na kupiga kura ya kutoka. Patel akawa Waziri wa Mambo ya Ndani mwaka 2019, na kanuni zilizoanza Januari 2021 kweli zilimkubali mpishi. Lakini Aprili 2024, yeye akiwa ameshaondoka katika wizara hiyo, kima cha mshahara kwa jumla kikapandishwa hadi pauni 38,700, na Julai 2025 hadi 41,700 pamoja na lile sharti la shahada. Nafasi sawa imepatikana: Mpolandi naye hapati.

Je, upungufu ni wa kweli au ni matajiri wanaotafuta mtu wa bei rahisi? Naamini ni yote mawili. Kumpika mwana-kondoo katika sahani kumi tofauti kwa saa moja ni ujuzi wa miaka, na mpango uliotangazwa mwaka 2011 wa kuwafunza vijana wa Kiingereza upishi wa Asia haukuziba pengo. Wakati huo huo, mpishi aliyeletwa kwa kibali chenye jina la tajiri wake hawezi kudai nyongeza, wala kuhamia mtaa wa pili, bila kuhatarisha haki yake ya kuwako nchini. Tajiri anapolalamika juu ya ugumu wa vibali husahau kutaja kamba hiyo.

Kamba hiyo tunaijua sisi pia. Kenya Utalii College ilianzishwa mwaka 1975 kwa msaada wa Waswisi, na kwa miongo kadhaa imetoa wapishi ambao leo wanawapikia watu wa Doha na Dubai, wengi wao chini ya mdhamini. Na hapa kwetu, hoteli ya Pwani inayotaka kumleta mpishi mkuu kutoka Ulaya inaomba kibali cha daraja D chini ya sheria ya mwaka 2011, na inatakiwa imtaje Mkenya atakayefunzwa ili ashike nafasi hiyo kibali kikiisha. Kwenye fomu jina la Mkenya huyo huandikwa. Ningependa kujua ni wangapi kati ya waliotajwa hivyo kutoka Diani hadi Watamu ambao siku moja walikabidhiwa jiko. Wewe uliye jikoni, na jina lako liliwahi kuandikwa kwenye fomu kama hiyo, niandikie kwa anwani ya gazeti hili. Jina lako sitalisoma hewani.