Kuuzuliwa, Kujibu na Kujiuzulu: Tabora katika Historia ya Uwajibikaji

Katika Kiswahili maneno "wajibu" na "jibu" husikika kama ndugu wa tumbo moja. Kiasili sivyo. Yote mawili yametoka katika Kiarabu, lakini "wajibu" lina mzizi w-j-b, wenye maana ya jambo la lazima, ilhali "jibu" lina mzizi j-w-b, unaohusu kumrudishia neno aliyeuliza. Ni Kiswahili kilichoyakutanisha. "Uwajibikaji", neno lililoundwa kwa viambishi vya Kibantu juu ya shina la Kiarabu, hutumika leo kueleza hali ya mwenye madaraka kulazimika kujibu. Namna lazima na jibu vilivyokutana katika siasa yaweza kufuatwa vizuri Tabora na katika nchi zilizopakana nayo, kwenye njia ya misafara iliyotoka pwani hadi Ujiji.

Katika karne ya 19 misafara ya pembe, nguo na watumwa ilitozwa hongo njiani, hasa ilipopita Ugogo. Neno hilo halikuwa na aibu liliyo nayo sasa. Hongo ilitolewa waziwazi, mara nyingi baada ya shauri refu baina ya wakubwa wa msafara na watu wa mtemi, na aliyeipokea alitarajiwa kutoa njia salama na maji. Leo neno lile lile hutaja malipo ya siri. Kinachotenganisha maana hizo mbili si wingi wa mali, bali kuwapo kwa mtu awezaye kuuliza malipo yamelipia nini.

Swali hilo ndilo lililoivuruga Unyanyembe. Mnywasele, aliyeutwaa utemi baada ya kifo cha Fundikira mwaka 1858, alitoza kodi bidhaa za wafanyabiashara wa Kiarabu waliokuwa wamekaa Tabora. Haikuwapo baraza iliyokubaliwa na pande zote mbili ya kuamua haki ya kodi ile, wala ya kumhoji aliyeitoza. Shauri likaamuliwa kwa bunduki: Mnywasele aliuzuliwa, Mkasiwa akatawazwa mahali pake, na vita viliendelea hadi Mnywasele alipouawa mwaka 1865. Isike, aliyemfuata Mkasiwa, alijilipua ndani ya boma lake Januari 1893 Wajerumani walipolishambulia.

Utawala wa kikoloni ulileta kodi ya lazima bila jibu. Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilianzishwa na Waingereza mwaka 1926, lakini Waafrika wa kwanza, Chifu Abdiel Shangali na Chifu Kidaha Makwaia, waliingia mwaka 1945, tena kwa kuteuliwa na Gavana. Maswali yaliulizwa na kujibiwa kwa Kiingereza, lugha ambayo walipa kodi walio wengi hawakuielewa.

Kwa sababu hiyo mkutano wa TANU uliofanyika Tabora Januari 1958 una uzito wa pekee. Hoja ilikuwa kama chama kishiriki uchaguzi wa kura tatu, ambao ulimtaka kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wengi waliuona mpango huo kuwa ni dharau. Julius Nyerere alishikilia kwamba kuususia kungewaachia wengine viti, na mkutano ukakubali. Zuberi Mtemvu alijitenga na kuunda chama chake. Katika uchaguzi wa Septemba 1958 na Februari 1959 wagombea wa TANU na waliowaunga mkono walipata ushindi mkubwa. Uamuzi huo ukaja kuitwa Uamuzi wa Busara, na matokeo yake yalikuwa kwamba watu waliochaguliwa waliweza kuihoji serikali mahali ambapo ililazimika kujibu.

Uhuru haukulimaliza jambo hilo. Baada ya katiba ya chama kimoja ya mwaka 1965 kulizuka swali la nani mkubwa, Bunge au chama. Mwaka 1968 wabunge saba walifukuzwa TANU, na kwa hiyo wakapoteza viti vyao. Miongoni mwao alikuwamo Joseph Kasella-Bantu wa Nzega, mmoja wa waasisi wa chama hicho. Wakati huo Kiswahili kilikuwa kinatwaa nafasi ya Kiingereza Bungeni. Mwananchi wa Nzega aliweza sasa kuyaelewa maswali, lakini muulizaji mwenyewe hakuwa na kinga.

Miaka 40 baadaye kiti cha Spika kilikaliwa na mtu wa Urambo, Samuel Sitta, aliyeongoza Bunge kuanzia 2005 hadi 2010. Kanuni za mwaka 2007 ziliweka maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu kila Alhamisi. Novemba mwaka huo huo iliundwa Kamati Teule, chini ya Harrison Mwakyembe, kuchunguza mkataba wa umeme wa dharura wa kampuni ya Richmond. Taarifa yake ilisomwa Februari 2008, na tarehe 7 ya mwezi huo Waziri Mkuu Edward Lowassa alitangaza kujiuzulu. Alilalamika Bungeni kwamba Kamati haikumhoji. Lalamiko hilo lina uzito wake katika mada hii, kwani anayetakiwa kujibu sharti kwanza aulizwe.

"Kuuzuliwa" na "kujiuzulu" ni kitenzi kimoja. Mnywasele alitendwa, Waziri Mkuu alijitenda, angalau kisarufi. Kilichowezesha badiliko hilo ni utaratibu wa maswali, nao ni dhaifu: Novemba 2010 Kamati Kuu ya CCM iliamua kwamba wagombea wake wa uspika wawe wanawake, na Sitta hakurudi kwenye kiti.

Kwa wanafunzi wa lugha, Taarifa Rasmi za Bunge ni hazina isiyochimbwa vya kutosha. Humo mbunge huuliza Serikali ina mpango gani. Naye Waziri hujibu kwamba mchakato unaendelea, au kwamba kazi itafanywa kadiri fedha zitakavyopatikana. Vitenzi hivyo havimtaji mtenda. Fedha "zitapatikana", lakini mtafutaji hajulikani, wala siku. Jibu limetolewa na kanuni imetimizwa, ila wajibu haujapata mwenyewe. Kazi ya swali la nyongeza ni kumtafuta.