Afya, Uhalifu na Wastani Unaopotosha: Hoja kutoka Bujumbura

Anayedai kwamba afya duni huzaa uhalifu atapata tabu kuitetea kauli hiyo Burundi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2016–2017 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wenye umri chini ya miaka 5, asilimia 56, wamedumaa, na Jiji la Bujumbura lilikuwa na nafuu kubwa kuliko mikoa ya vijijini. Hata hivyo ukwapuzi na uporaji wa usiku ni kilio cha mjini. Kama udumavu ungetosha kuzaa wezi, Muyinga ya vijijini ingeogopwa kuliko mtaa wa Bwiza mjini Bujumbura. Wapo watakaoishia hapo na kuifuta hoja nzima. Naona wanaharakisha. Kasoro ni ya wastani wa kimkoa, unaotia kapu moja malaria, njaa na vifo vya uzazi pamoja na maradhi machache yanayogusa mwenendo wa mtu moja kwa moja, yaani kiwewe cha vita na uraibu. Haya yana ramani yake. Vita vilivyoanza mwaka 1993 viliuteketeza mtaa wa Kamenge jijini humo, vikasukuma mayatima barabarani, na mwaka 2015 wakati wa maandamano, risasi zikarudi mitaa ya Musaga na Nyakabiga kabla vidonda vya kwanza havijapona.

Ushahidi wenye uzito zaidi umetoka humo humo nchini. Mwaka 2015 Anselm Crombach na Thomas Elbert wa Chuo Kikuu cha Konstanz walichapisha matokeo ya jaribio lao kwa vijana 32 wa Burundi waliowahi kuishi mitaani. Kijana alisaidiwa kusimulia maisha yake kwa mfululizo, ukatili aliotendewa na ule alioutenda mwenyewe, hadi kila tukio likae mahali pake. Miezi kadhaa baadaye, waliopata tiba hiyo walikuwa na makosa machache kuliko wenzao. Idadi ni ndogo, sikatai. Lakini huko Monrovia, Liberia, jaribio la wanaume 999 lililounganisha tiba ya mwenendo na fedha taslimu lilielekea upande uleule. Uraibu nao una mantiki rahisi zaidi. Mtumiaji wa heroini akishikwa na arosto hana subira ya kusaka kibarua. Anahitaji pesa kabla ya jioni, na simu ya mpita njia iko karibu. Tangu mwaka 2011 Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, humpa mraibu methadoni, akainywa mbele ya mhudumu, na haja hiyo ya kila siku ikapungua.

Pingamizi zito ni kwamba sababu imegeuzwa: uhalifu ndio unaoumiza afya. Ni kweli, tena haliivunji hoja, kwani aliyeumizwa jana asipotibiwa aweza kuwa mwenye kuumiza kesho, na jaribio la Konstanz lilikata mnyororo huo katikati. La pili linanigusa zaidi: je, hatuwabandiki wagonjwa jina la wahalifu? Wengi wenye kiwewe hawamdhuru yeyote, na takwimu za polisi hupanda pale polisi walipopangwa. Mwandamanaji aliyekamatwa mwaka 2015 si kipimo cha uhalifu wa mtaa wake. Ila anayemchanganya mgonjwa na mhalifu hasa ni utaratibu uliopo. Mwaka 2006 Human Rights Watch ilieleza jinsi hospitali za Burundi zilivyowazuia wagonjwa walioshindwa kulipa, na ingawa mwaka huohuo matibabu ya watoto wadogo na kujifungua yalifanywa bure, kijana mwenye kiwewe hakuwamo katika msamaha huo. Nalo Gereza la Mpimba, mjini Bujumbura, lilijengwa kwa watu 800. Kwa miaka mingi limebeba maelfu. Wizara za Afya na Sheria zisome kwa pamoja, mtaa kwa mtaa, daftari za gereza hilo na za kituo cha magonjwa ya akili cha Kamenge, na fedha za tiba zianzie pale majina yanapojirudia.